Saa ya Ukutani: Nilichojifunza Nikimtafutia Mama Saa ya Kusoma Mwenyewe

Saa ya ukutani hukaa sebuleni miaka mingi, lakini kuichagua hatutumii hata robo saa. Mtu anaingia dukani, anatazama kama fremu itaendana na makochi, anapatana bei, analipa. Mimi siku hizi nasema hivi kwa yeyote anayeniuliza: saa ya nyumbani ina watu wawili wa kuwaridhisha, yule mwenye macho hafifu kuliko wote na yule mwenye usingizi mwepesi kuliko wote. Hao wawili wakiridhika, nyumba nzima imeridhika.

Kwetu Chuno, hapa Mtwara mjini, mwenye macho hafifu alikuwa mama yangu. Alishuka kutoka Newala kuja kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, jicho la kulia kwanza na la kushoto likisubiri zamu yake. Alirudi nyumbani na dawa za matone, chupa mbili tofauti, kila moja kwa saa zake kutwa, na maelekezo kwamba akitia tone la chupa ya kwanza asubiri dakika 5 kabla ya kutia la pili, ili la kwanza lisioshwe. Mwenye usingizi mwepesi alikuwa mke wangu. Tulikuwa na mtoto mchanga, na mama wa mtoto mchanga hulala kwa vipande vipande. Kipande kimoja kikivunjwa na kelele, hakirudi.

Mama hakupenda kuuliza saa. Ni mtu aliyepalilia mikorosho yake tangu ujana, akaamka mwenyewe alfajiri bila kuamshwa na mtu, na sasa alikaa kwenye kiti cha watu wengine akisubiri mjukuu apite ili amuulize, "Saa ngapi, mwanangu?" Siku moja aliniambia taratibu, "Baba, nikiiona saa mwenyewe sitamsumbua mtu." Hapo nikaelewa kwamba jambo hili ni kubwa kuliko dawa. Mtu mzima akipewa uwezo wa kujua saa bila kuomba, siku yake inarudi mikononi mwake.

Saa tuliyokuwa nayo ilikuwa zawadi ya harusi. Ni nzuri, sitaisema vibaya: uso wake unang'aa kama kioo cha kujitazamia, mishale ya rangi ya dhahabu, na tarakimu za Kirumi nne tu, juu, chini, kulia na kushoto. Kati ya hizo kuna vijiwe vinavyometameta. Mgeni akiingia huisifu. Mama alipoitazama kutoka kwenye kiti chake aliona duara linalong'aa, basi.

Na hapa kuna jambo ambalo watengenezaji wa saa hawakulifikiria, kwa sababu hawahesabu saa kama sisi. Saa zetu zimepangwa kwa namna ambayo mshale mfupi ukielekea 7, sisi tunasema saa moja. Vijana wengi hupunguza sita kichwani haraka haraka. Mama hapunguzi kitu. Yeye hutazama upande wa pili: mshale mfupi ukiwa kwenye 8, jicho lake linavuka katikati ya saa na kutua kwenye 2, naye anasema saa mbili. Mshale ukiwa katikati ya 7 na 8, ng'ambo yake ni katikati ya 1 na 2, basi ni saa moja na nusu. Dakika anazisoma pale pale mshale mrefu ulipo, ukiwa 3 ni na robo, ukiwa 9 ni kasorobo. Ndivyo alivyofundishwa na ndivyo wazee wengi wa huku wanavyosoma. Sasa fikiria mtu huyu umpe saa yenye tarakimu nne tu. Jicho linavuka kwenda ng'ambo, halikuti namba ya kutua. Kwa anayesoma hivi, tarakimu zote 12 lazima ziwepo, tena kubwa, tena za kawaida. Saa zisizo na namba kabisa, zile za mtindo, ni picha ya ukutani.

Kabla ya kwenda dukani nilitaka kujua ukubwa gani unamtosha. Nilichukua karatasi nyeupe na kalamu ya maka, nikaandika namba za kimo tofauti, sentimita 1, 2, 3 na 4, nikazibandika ukutani pale saa itakapokaa. Mama akakaa mahali pake pa siku zote, karibu na mlango unaotoka barazani, kiasi cha mita 4. Ya sentimita 1 hakuiona kabisa. Ya 2 alikisia, akapatia na kukosea. Ya 3 aliisoma bila kukunja uso. Ya 4 aliisoma huku akiongea mambo mengine, na hiyo ndiyo niliyoitaka.

Baadaye niligundua kwamba zoezi letu linaoana na ule ubao wa herufi unaosomeshwa hospitalini. Ubao ule husomwa kutoka mita 6, na mtu mwenye macho mazima hutambua herufi yenye kimo cha milimita 9 hivi kutoka umbali huo. Anayeishia mstari wa 6/24, yaani anayeona kutoka mita 6 kile ambacho mwenye macho mazima hukiona kutoka mita 24, anahitaji herufi kubwa mara nne, kama milimita 35. Ukisogea hadi mita 4, hitaji hilo linashuka hadi kama milimita 23. Ila hicho ni kipimo cha kutambua kwa shida, mtu akikaza macho. Saa haisomwi kwa kukaza macho. Inasomwa kwa kutupa jicho mara moja huku mkono mmoja umeshika chupa ya dawa. Kwa hiyo ongeza nusu tena, au zaidi. Na zoezi lifanywe na mwenye macho hafifu mwenyewe, kutoka kwenye kiti chake, si wewe umfanyie makisio ukiwa umesimama katikati ya sebule.

Kelele nayo ina mambo yake. Mchana huisikii saa. Usiku wa kawaida pia huenda usiisikie, kwa sababu kwa joto la Mtwara feni inazunguka hadi asubuhi na mvumo wake unafunika kila kitu. Lakini umeme ukikatika, feni ikasimama, nyumba inakuwa kimya ghafla na hapo ndipo saa inaanza kusema. Tik, tik, tik, kupitia ukuta. Ukuta wetu kati ya sebule na chumba si wa tofali, ni fremu ya mbao iliyopigwa jipsamu pande zote mbili, tupu katikati. Ukitundika saa hapo, ukuta mzima unafanya kazi ya ngoma. Mke wangu alikuwa anafunguka macho hata mtoto akiwa amelala fofofo.

Tulianza na njia za bure. Tuliihamishia saa kwenye ukuta wa tofali upande wa barazani, kelele ikapungua. Tukabandika vipande vya sponji nyuma yake ili plastiki isigusane na ukuta, ikapungua tena. Ninazisema njia hizi kwa uzito kwa sababu kwa nyumba nyingi zinatosha na hazigharimu kitu. Kwetu hazikutosha.

Ndipo nikampelekea mzee mmoja, fundi saa wa siku nyingi, anayekaa na meza yake upande wa sokoni. Nilimpa shikamoo, nikamweleza shida, nikamuuliza kama anaweza kuondoa mshale wa sekunde ili kelele iishe. Alitikisa kichwa. "Kijana wangu, mshale haupigi kelele. Mashine ndiyo inayopiga." Akafungua kile kisanduku cheusi cha nyuma akanionyesha. Ndani kuna koili ya waya mwembamba wa shaba, sumaku ndogo ya duara, magurudumu ya plastiki yenye meno, na kipande kidogo cha kwatsi, yaani jiwe la fuwele, ndani ya kopo la bati. Kwatsi ikipitishiwa umeme hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Sakiti inaigawa hesabu hiyo kwa mbili, kisha kwa mbili tena, mara 15 mfululizo, mpaka unabaki mpigo mmoja kwa sekunde. Kila mpigo unaigeuza ile sumaku nusu mzunguko, nayo inasukuma magurudumu, halafu kila kitu kinasimama hadi mpigo unaofuata. Kuanza na kusimama huko, meno yakigongana, ndiyo sauti tunayoisikia. Ukiondoa mshale wa sekunde unapunguza uzito kidogo na mtikisiko kidogo, lakini sumaku inaendelea kuruka vile vile kila sekunde ndani ya kisanduku.

Kisha akanionyesha mashine ya aina ya pili. Kwa nje ni kisanduku kile kile, lakini ndani mota yake haisimami kati ya sekunde na sekunde. Inakwenda kwa hatua ndogo ndogo nyingi, au inazunguka mfululizo, kwa hiyo mshale wa sekunde hauruki, unateleza. Hakuna kugonga. Ukiweka sikio juu yake unasikia mvumo mdogo sana, na ukitoa sikio humo huusikii tena. Gharama yake ni betri: mota isiyopumzika hula umeme zaidi. Kwangu hilo si la kulalamikia.

Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia, maana mzee anaipenda kazi yake na mtu anayeipenda kazi yake husikilizika. Alianza ufundi enzi za saa za kamani, zile za kutia ufunguo. Saa ya kwatsi yenyewe ilijengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1927 huko Marekani, na Warren Marrison na J. W. Horton wa maabara za Bell, na mitambo ya wakati huo ilikuwa mikubwa, si ya kutundika ukutani. Ya kuvaa mkononi ilikuja kuuzwa na Seiko ya Japani tarehe 25 Desemba 1969. Baada ya hapo kwatsi ikashuka bei hadi leo inauzwa juu ya turubai pembeni ya barabara. Mjomba wangu kule Mikindani bado anayo ya kamani, inagonga kila saa kwa sauti ya kusikika hadi uani, na yeye husema haisikii kabisa. Namwamini. Sikio la mtu aliyeishi na mlio mmoja miaka yote huuzoea. Lakini mgeni akilala kwake hukesha, na mtoto mchanga nyumbani ni mgeni pia, na mama yake usiku ule ule anageuka mgeni wa nyumba yake mwenyewe.

Kwenda dukani baada ya hapo kulikuwa rahisi, maana nilijua ninachotafuta. Kijana muuzaji alinishushia saa nyingi na hakuchoka, Mungu ambariki. Jambo la kwanza ni kumwomba atie betri. Saa isiyo na betri haikuambii chochote. Ikishatiwa, tazama mshale wa sekunde: ukiruka, irudishe, ukiteleza, endelea. Wengine wameandika kwenye boksi kwamba saa haina kelele, lakini boksi si ushahidi. Duka liko kando ya barabara, bodaboda zinapita, feni inavuma, huwezi kusikia kwa kawaida. Ilaze saa chali juu ya meza tupu ya mbao, weka sikio juu ya mbao. Mbao inakuza sauti, na kilichomo ndani utakisikia hata kukiwa na makelele nje. Tuliomba feni izimwe kwa muda kidogo, akazima.

Zile zinazopiga muziki kila saa nilizipita. Baadhi zina kijicho cha kupimia mwanga, giza likiingia zinanyamaza, na si mbaya kwa nyumba nyingine. Kwetu taa huwashwa usiku kwa ajili ya mtoto, na saa ingeimba pale pale. Zile za namba za taa nyekundu nazo nilizitazama kwa makini kwa sababu jirani alizisifia sana: namba ni kubwa, hakuna mlio. Ni kweli. Lakini nyingi hutegemea umeme wa ukutani; umeme ukienda, uso unakuwa mweusi, hata kama ina betri ndogo ya kutunza saa kwa ndani. Tena huandika 20:00, na mama aliyezoea kuvuka upande wa pili wa duara anakuta hakuna duara. Itabidi atoe 6 apate 14, kisha ajue 14 ndiyo saa mbili usiku. Huwezi kumpa mtu wa miaka yake hesabu hiyo usiku wakati jicho linauma.

Kuhusu uso wa saa nilikuwa mkali. Nyeupe isiyong'aa, namba nyeusi nene, mishale myeusi. Mishale ya fedha juu ya uso mweupe hupotea, na ya dhahabu juu ya vijiwe vinavyometa hupotea zaidi. Mshale wa saa uwe mfupi waziwazi na mnene kuliko wa dakika. Kuna saa ambazo mishale miwili inakaribiana urefu, na hapo hata mwenye macho mazima husoma saa tatu kasoro akidhani ni saa nyingine kabisa. Mshale wa dakika ufike kwenye alama za dakika. Ukiishia njiani, dakika 5 za kusubiri tone la pili zinakuwa za kukisia. Wa sekunde uwe mwembamba na wa rangi yake, nyekundu ni sawa. Muuzaji aliishika saa akaenda nayo hadi upande wa pili wa barabara, nikaitazama kutoka mlangoni pa duka. Niliyoichukua ilikuwa na upana wa sentimita 35, ya plastiki, fremu nyeusi isiyo na nakshi. Ilikuwa ya bei ya chini kuliko nusu ya zile za mapambo zilizokuwa juu yake.

Kuitundika ni nusu ya kazi. Sisi tuna mazoea ya kutundika saa juu kabisa, chini ya dari, mara nyingi juu ya mlango. Huko juu namba zinasinyaa, mtu anainua shingo, na taa ya tyubu inaakisiwa kwenye kioo hasa pale penye namba. Niliishusha hadi juu kidogo ya kimo cha mtu aliyesimama. Na sikuiweka ukuta unaotazamana na dirisha. Dirisha letu kubwa liko magharibi, jua la alasiri linaingia moja kwa moja, na kioo cha saa kikiwa mbele yake kinakuwa doa jeupe kuanzia saa tisa hadi magharibi, wakati ambao mama alikuwa na tone la alasiri. Ukuta wa pembeni ya dirisha unapata mwanga bila kuakisi. Kabla ya kupiga msumari nilimwomba mtoto mkubwa aishike pale, Bibi yake akasoma akiwa kitini asubuhi, akasoma tena alasiri, akasoma tena usiku taa imewashwa.

Chumbani kwake giza ni jambo jingine. Mwezi wa Juni hapa jua hutoka karibu na saa 12 na nusu, kwa hiyo saa 11 alfajiri bado ni usiku mtupu. Niliulizia saa zenye rangi inayong'aa gizani. Hizo hushiba mwanga wa taa jioni, na kadiri usiku unavyokwenda zinafifia, alfajiri zimebaki kivuli. Tochi ndogo kando ya mto ilimfaa zaidi, na adhana ya msikiti wa jirani ilimaliza mengine.

Pwani hatuna budi kusema habari za betri. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, na vile vibati vya kushikia betri hushika kutu upesi. Betri za bei rahisi zikikaa muda mrefu huvuja maji yake, yanakula vibati na mashine inakufa ikiwa bado nzima. Mimi naweka betri za alkali, na nikizibadilisha nafuta vibati kwa kitambaa kikavu. Betri za kuchaji hutoa volti 1.2 badala ya 1.5, na saa nyingine huanza kuchelewa au kusimama mapema kwa sababu hiyo. Kwenye saa za kuruka kuna dalili moja nzuri ya betri kuchoka: mshale wa sekunde unachezacheza mahali pamoja karibu na 9 bila kupanda. Hapo ndipo unainua uzito wake wote kwenda juu, na nguvu zikipungua hushindwa hapo kwanza.

Jicho la kushoto lilipofanyiwa kazi na likapona, mama akataka kurudi Newala, na akasema anataka saa yake. Nikampeleka kwenye duka lile lile, nikamwonyesha ile inayoteleza, dada yake ile ya kwetu. Akaishika, akaitazama kwa mbali, akaisifu namba. Kisha akaiweka sikioni na kunyamaza.

"Hii nitajuaje kama imekufa?"

Nilitaka kumjibu kwamba atauona mshale ukisimama, lakini nilielewa. Kule analala peke yake. Saa inayoteleza ikiishiwa betri saa tano usiku, haimwambii mtu. Mishale inabaki pale ikionekana nzima, na mama anaamka, anaitazama, anaamini. Hana mtoto mchanga wa kuamshwa. Ukuta wake ni wa tofali za udongo, mzito. Anachohitaji yeye ni uso ule ule, mweupe, namba nene zote 12, na mashine inayogonga, ili akilala ubavuni asikie inakwenda, na akiamka kukiwa kimya ajue ni betri.

Muuzaji akatafuta, akapata yenye uso unaofanana sana, ya kuruka. Mama akaweka sikio juu ya meza kama nilivyofanya mimi, akasikia, akatoa pesa zake mwenyewe kwenye pindo la khanga, hakukubali nilipe. Mimi nikanunua betri za akiba, nikaziandikia tarehe kwenye karatasi yake, na jirani yake wa Newala akapewa kazi ya kuzibadilisha kila korosho zinapoanza kuanguka, ziwe zimeisha au hazijaisha.